Kiti cha Katikati

"Tunakuja. Ndivyo ulivyoandika," Spés alisema. "Mimi nikadhani ni wewe na malaika wako mlinzi. Kumbe ni wewe na mama mkwe wako."

"Bon, ningeandika nini?"

"Ungeandika: Spés, jiandae, namleta mama wa marehemu. Maneno machache tu, Ruta. Ningevaa sketi."

Ruta aliitazama suruali ya jinzi aliyovaa Spés, akatabasamu kidogo, kisha akayahamisha macho haraka kama mtu aliyekumbuka kwamba hayuko peke yake. Walikuwa wamesimama chini ya mgomba, ndani ya nyumba ya vioo ya bustani ya mimea, katikati ya Columbus. Watu walipita na vigari vya watoto wakipiga picha majani. Joto la mle ndani lilikuwa la kugandisha shati mwilini. Miwani ya Spés ilikuwa imeingia ukungu tangu walipovuka mlango, na kwa kawaida Ruta angekuwa ameshaivua usoni mwake, akaifuta kwa pindo la shati na kumrudishia polepole, vidole vyake vikichelewa nyuma ya sikio lake. Leo mkono uliinuka hadi nusu ya njia, ukageuka, ukarudi mfukoni.

Spés aliuona. Akaifuta miwani mwenyewe.

Kwenye benchi mbele yao, mahali ambapo angeweza kuwaona lakini asiwasikie vizuri, Mama Umwali alikuwa ameketi na mkoba magotini, kitenge juu ya sweta na shali juu ya kitenge. Umwali alikuwa binti yake wa pekee, mke wa Ruta. Alifariki Buffalo miaka minne iliyopita, baada ya kuugua muda mrefu, na tangu hapo mama huyo alibaki kwa mkwe wake, kwenye nyumba ya mbao ya mtaa wa West Side, kwa sababu hakuwa na mtoto mwingine duniani wa kwenda kwake.

"Aliomba yeye mwenyewe," Ruta alisema. "Jana nikifunga mfuko akanikuta kwa mlango. Akasema, na mimi nataka kuona hiyo miti. Ningemukatalia namna gani? Hata hatuongeaka na yeye mambo mingi. Siku anaomba kitu, mi niseme hapana?"

"Na kwangu ni rahisi kusema hapana."

"Sikusema vile."

"Hukuhitaji kusema."

Spés alikuwa amechoka. Si uchovu wa leo tu. Kutoka Louisville hadi Columbus ni zaidi ya saa tatu za barabara, na kutoka Buffalo ni zaidi ya tano. Walichagua Columbus kwa sababu ilikuwa katikati, au karibu na katikati, na kwa sababu kaka yake Leopoldi anaishi Whitehall, palepale pembeni mwa mji, na ana godoro la wageni. Walikutana kwenye arusi ya mtu wa kanisa miaka miwili iliyopita, na tangu hapo mara moja kwa mwezi kila mmoja alitoka kwake akaja kumtazama mwenzake kwa siku moja na nusu. Mapenzi yao yalikuwa na harufu ya petroli na kahawa ya vituo vya barabarani. Kila mara waliachana kwenye maegesho, na kila mara Spés aliendesha kurudi akifikiria mambo ambayo hawakupata muda wa kuyasema.

Leo alikuja na la kusema. Ghala analofanyia kazi Louisville lilitaka kumpa usimamizi wa zamu ya mchana, na Jumatatu walitaka jibu. Zamu hiyo ilikuwa na Jumamosi ndani yake. Akikubali, Columbus imekwisha. Na alitaka kukubali. Alitaka kulala usiku kama watu, na kuwa nyumbani jioni pamoja na Ange, bintiye. Ruta, kwa upande wake, angeweza kupata kazi ya kiwandani Louisville wiki atakayofika, lakini kila walipofika kwenye jambo hilo alijibu swali kwa swali: nitamwacha na nani?

Leopoldi alikuwa na maneno yake mwenyewe. "Dada, mwanaume anayeishi na mama wa marehemu mkewe bado yuko msibani," alimwambia jana usiku, akipakua wali. "Hajaondoa matanga. Wewe unaenda kuolewa ndani ya matanga ya watu?" Spés alimjibu ale wali wake. Lakini maneno hayo aliyabeba hadi bustanini.

"Ruta," alisema sasa, "nimekuja na jambo. Nilitaka tuwe wawili."

"Tuko wawili."

Wote wakageuka kulitazama benchi.

"Nitakuambia huko uwanjani, mchezo ukiisha," Spés alisema.

Ruta hakuwa mjinga. Uso wake ulishuka kama pazia. "Haiko jambo nzuri."

"Mchezo ukiisha."

Mama Umwali alikuwa ameinuka, akausogelea mgomba, akaupapasa shina kama mtu anayempima ng'ombe wa jirani.

"Huu hauna mwenyewe?" alimuuliza Spés kwa Kinyamulenge chake cha milimani, na Spés akamjibu kwa Kirundi, maana lugha hizo zinasikilizana.

"Ni wa bustani, Mama. Kuna wafanyakazi."

"Wafanyakazi gani? Machipukizi wameyaacha yote. Hautazaa kitu." Akarudi kuketi. "Niacheni hapa kidogo. Magoti yangu yamenyamaza. Tangu tufike nchi hii hayajawahi kunyamaza."

Wakamwacha. Akakaa mle ndani ya joto, macho yamefumba, viganja vimefunguka juu ya magoti, mpaka Ruta alipoanza kutazama saa.

*

Tiketi za besiboli Ruta alipewa na msimamizi wake wa kiwanda cha Lackawanna, kwa kuwa timu ya Buffalo ilikuwa inakuja kucheza Columbus mchana huo. Alipewa mbili, akaongeza ya tatu mwenyewe. Hakuna kati yao aliyewahi kuuona mchezo huo uwanjani.

Shida ilianza kwenye kukaa. Mama Umwali aliingia kwanza kwenye safu, akaketi. Ruta akabaki kasimama kwenye ngazi, watu nyuma yake wakingoja na bilauri zao.

"Ingia," Spés alisema.

"Ingia weye."

Hapo akaelewa. Kwao Ruta, kule milimani juu ya Uvira, mkwe haketi kando ya mama wa mke wake. Hamtaji jina, humwita Mubyeyi, mzazi, na inatosha. Hamkazii macho. Na zaidi ya yote hali chakula mbele yake, wala yeye hali mbele ya mkwe. Spés, aliyekulia kambini Tanzania, alisikia habari za heshima hizo kwa bibi yake tu. Kambini walipanga foleni moja na sahani moja mkononi, wakwe kwa wakwe, na aliyeona haya alilala njaa.

Akaingia katikati, akaketi kama ukuta wenye miguu.

"Sasa eleza," alimwambia Ruta. "Hawa wanafanya nini?"

"Donc, yule anatupa. Ule mwenye fimbo anapiga. Akipiga, anakimbia, anazunguka kule, na kule, na kule, anarudi pale alianzia. Akirudi, ni pointi."

"Basi?"

"Basi."

"Mbio zote hizo ili urudi ulikotoka."

"Ndiyo mchezo yenyewe, Mama Ange."

"Mimi nimeucheza miaka miwili bila jezi," Spés alisema, na Ruta akacheka bila kutaka. Wakatazamana. Kwa muda mfupi hapakuwa na uwanja wala mama wa mtu. Spés aliona weusi chini ya macho ya Ruta, na shavu alilojikata kwa wembe asubuhi akiharakisha, na akataka kuweka kidole pale. Halafu mama akakohoa upande wa pili, na kila mmoja akautazama uwanja.

Muuzaji alipopita, Spés alinunua mikate mitatu yenye soseji. Akamkabidhi kila mtu wake. Mama Umwali aliushika wake kwa kitambaa, akaulaza juu ya mkoba. Ruta aliuweka wake mapajani, akausahau kwa nguvu.

"Umekula lini?" Spés alimnong'oneza.

"Niko sawa."

"Tumbo lako linaongea hadi kwa mrusha mpira. Umekula lini?"

"Jana."

"Basi nitakula peke yangu kama mchawi," alisema, akaanza. Lakini ni vigumu kutafuna katikati ya watu wawili wenye njaa wanaotazama mbele. Aliuma mara mbili, akauacha.

Mchezo ukaenda, polepole, watu wakisimama na kukaa. Buffalo walikuwa mbele, au Columbus. Ubao ulionyesha namba nyingi mno. Kila kitu kilikuwa cha kusubiri. Mwishowe Spés akaona hana nguvu ya kusubiri na hilo lake. Alishusha sauti, kwa Kiswahili ambacho mama hakuwahi kukitumia mbele yao, midomo karibu imefungwa.

"Wamenipa zamu ya mchana. Jumatatu nasema ndiyo."

Ruta aliugeuza mkate mapajani. "Na Samedi?"

"Jumamosi ni kazi."

"Donc hutakuja tena."

"Sitakuja tena. Na wewe huwezi kuja. Kwa hiyo tuambiane ukweli, tukiwa bado tunapendana, kabla hatujaanza kudanganyana kwenye simu. Nimechoka, Ruta. Sijakuchoka wewe. Nimechoka na barabara."

"Mi ningekuja kesho. Ningeacha kazi Jumatatu, mardi niko kwako. Unajua sababu."

"Najua sababu. Nimekaa nayo kiwiko kwa kiwiko tangu saa saba."

"Usiongee vile."

"Simlaumu. Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo. Ndiyo maana nasema tumalize bila kelele."

"Niko napenda weye na nguvu zote, Spés. Lakini siwezi kutupa muzee kama mufuko."

"Nani kasema umtupe?"

"Munanigawana kama mbuzi ya sikukuu," sauti ilisema upande wa kushoto, kwa Kiswahili.

Wote wawili wakageuka. Mama Umwali alikuwa anautazama uwanja, mikono juu ya mkoba, uso mtulivu.

"Mama," Spés alisema, "hatukujua kwamba..."

"Nimeuzishaka maziwa soko ya Uvira mbele nyinyi hamujazaliwa. Mulifikiri nilikuwa nauzisha na ishara?"

Ruta alifunika uso kwa mikono. Na papo hapo uwanja mzima ukasimama. Maelfu ya watu, kwa mara moja, wakaanza kuimba. Mama Umwali naye akasimama, akavuta shali hadi kichwani, akafumba macho na kuinamisha kichwa. Spés alitaka kumwambia kwamba si sala, ni desturi tu ya kunyoosha miguu mchezo unapokaribia mwisho, lakini alipomtazama aliona midomo ya mama inakwenda kweli. Akamwacha asali. Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi, mama akasema amina na kuketi.

Kisha akauchukua mkate ulio juu ya mkoba wake, akanyoosha mkono mbele ya kifua cha Spés, akaufikisha kwa Ruta.

"Kula."

"Mubyeyi, siwezi."

"Kula."

"Haifanyikake, Mubyeyi."

"Najua nini inafanyikaka. Mi nilikufundisha." Mkono wake mwembamba haukurudi. "Miaka ine unakulaka ndani ya gari. Unafikiri sijue? Unatoka kazi, unapika, unaniwekea yangu kwa meza, yako unaenda nayo inje. Nakuonaka kwa dirisha. Neige inaanguka, inje yote inakuwa nyeupe na baridi, taa ndogo ya gari inawaka, na weye uko unakula kama mutu anaiba. Nyumba unalipa weye."

Spés alimtazama Ruta. Miaka miwili hakuwahi kumwambia hilo. Alimwambia majina ya mashine za kiwandani, ndoto zake, mashairi ya kanisani. Hakumwambia kwamba anakula chajio kwenye gari, hita imewashwa, mbele ya nyumba yake mwenyewe.

"Heshima, Mubyeyi," Ruta alisema.

"Heshima niliiona. Imetosha. Mama mukwe ni mama ya bibi ya mutu. Umwali anatuona, anajua tulimulia. Kuanzia leo siko mama mukwe yako. Niko mama. Mama anaonaka mutoto wake akikula. Kula, mwanangu."

Ruta aliupokea mkate. Aliutazama kama kitu kinachoweza kulipuka. Akauma. Akatafuna, machozi yakimtiririka waziwazi, haradali kidevuni, mwanaume mzima katikati ya mashabiki wa Columbus, na mama yule akamkazia macho bila kupepesa mpaka alipomaliza. Ndipo akauchukua wa Ruta mapajani mwake, akala na yeye.

Spés aliketi katikati, mikono haina kazi. Alijua ameona kitu ambacho Leopoldi na wazee wake wote wangehitaji siku nzima ya hotuba kukifanya. Matanga yalikuwa yameondolewa, juu ya mapaja yake.

"Ingine jambo," mama alisema, akifuta vidole kimoja kimoja. "Sanduku yangu iko kwa gari."

"Ile ya mashuka ya kulala kwa Leopoldi?" Ruta aliuliza.

"Nilidanganya. Mungu ananijua. Ni nguo yangu yote. Niliongea na Yonasi." Yonasi alikuwa mpwa wake, huko Lackawanna. "Tukirudi utaniacha kwake. Weye uende kwa mwanamuke yako. Musiniweke tena kuwa sababu."

Hapo ndipo Spés alipaswa kufurahi. Mlango uliofungwa miaka miwili ulikuwa umefunguliwa kutoka ndani. Alingoja furaha ije, na kilichokuja ni swali.

"Kwa Yonasi utalala wapi, Mama?"

"Kuna kitanda."

"Wapi?"

"Chini. Kule kwa mashine ya kufua."

"Kuna joto?"

Mama alitazama uwanjani. "Kuna blanketi," alisema.

Spés aliikumbuka nyumba hiyo. Alipita mara moja na Ruta, mwaka jana. Watoto sita, na ngazi ya kwenda chini iliyosimama kama ukuta. Akaifikiria na yale magoti. Akafikiria benchi la asubuhi na viganja vilivyofunguka. Hakuwa mtu wa huruma za kuonyesha, na alikuwa amechoka mno kwa maneno mazuri, lakini alikuwa mama wa watu, na chumba cha Ange kina kitanda cha ghorofa, na nyumba yake iko usawa wa barabara, bila ngazi. Kanisani Louisville wamejaa wanawake wa milimani wanaoweza kukaa mchana kutwa wakiulizana nani alizaliwa na nani. Na yeye kuanzia wiki ijayo angekuwa anarudi nyumbani jioni.

Akasimama.

"Ruta, lete funguo za gari."

"Mchezo haiyaisha."

"Nani kati yetu anajua utaishaje? Lete funguo. Mama, twende."

Maegesho yalikuwa upande wa pili wa barabara, na walitembea kwa mwendo wa magoti ya mama, bila kuongea. Gari la Ruta lilikuwa na chumvi inayomwagwa kwenye barabara za barafu za Buffalo hadi leo, mwezi wa tano. Spés alifungua buti. Sanduku lilikuwa pale, la kijivu, limefungwa kamba ya kitenge. Alilitoa, akalibeba hadi kwenye gari lake mwenyewe safu mbili mbele, akaliingiza na kufunga buti.

"Mama Ange, unafanya nini?"

"Napunguza safari."

"Namna gani?"

"Mama anakuja na mimi Louisville. Leo. Wewe rudi Buffalo, waambie kiwandani unaondoka, rudisha nyumba kwa mwenyewe, kisha uje na wazee wako muongee na Leopoldi kama watu. Nitakuwa nyumbani. Sasa huna mtu wa kumwacha huko, kwa hiyo huna sababu, na mimi sina Jumamosi ya kukusubiri barabarani."

"Watu watasema nini?"

"Watasema, wakichoka watanyamaza."

Mama Umwali alikuwa amesimama kati ya magari mawili, mkoba kifuani. "Na mimi, sanduku yangu imehamishwa. Hakuna mutu aliniuliza."

Spés aliona haya, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alimwendea, akamshika mikono miwili kwa heshima, akarudi kwenye Kirundi. "Samahani, Mama. Nakuuliza sasa. Utakubali kukaa kwangu?"

Mama alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia miwani hadi jinzi. "Kwetu anayehamishwa ni bibi arusi," alisema.

"Leo tumeanza na mama."

"Huko Louisville kuna joto?"

"Mpaka utalalamika."

"Sitalalamika," mama alisema. Akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akaingia, akaanza kuutafuta mkanda.

Ruta hakuwa amesogea. Spés alirudi kwake. Alitegemea ubishi, na alikuwa tayari nao, lakini Ruta alinyoosha mkono, safari hii hadi mwisho, akaivua miwani usoni mwake, akaifuta kwa pindo la shati, akamrudishia polepole. Vidole vikachelewa nyuma ya sikio. Kioo cha gari kilikuwa wazi na mama alikuwa anaona.

"Wiki mbili," Ruta alisema.

"Ukichelewa nitamzoea yeye, nikusahau wewe."

Spés aliingia garini, akapiga simu nyumbani kabla hajawasha. Ange alipokea akiwa anatafuna.

"Toa nguo zako kwenye kitanda cha chini," Spés alimwambia. "Tandika shuka safi."

Ange aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, ni nani anakuja.

"Bibi yako."

Bibi yupi?

"Utamwona," Spés alisema, akakata simu. Kisha akawasha gari, na hita, ingawa ilikuwa Mei na jua bado lilikuwa juu ya uwanja, akaielekeza midomo yote ya hita kwenye magoti ya mama, akatoka kuelekea kusini.